Majani Yaliyogeukia Jikoni

Asubuhi ya maonyesho, mchoraji alikuwa amepiga magoti sakafuni akimalizia mishipa ya jani la mwisho kwa nta ya moto, huku dada yake akibandika vibao ukutani. Vitambaa vya batiki vilikuwa kumi na viwili, vimejaa majani, maganda ya mbegu na uyoga wa magogoni. Mchoraji hakuchora jani la kuchuma hata siku moja. Aliokota lililoanguka lenyewe, akalilaza chini ya mto wake usiku mmoja, kesho yake ndipo akashika brashi. Mtaa mzima ulijua hivyo. Mtaa ulijua pia kwamba dada mtu hawezi hata kuyeyusha nta, na kwamba vibao vyote vilikuwa na jina lake.

"Safari hii uliniahidi," mchoraji alisema.

"Mdogo wangu, watu wamezoea jina langu. Lako tutaliweka mwakani."

Mwaka jana pia ilikuwa mwakani. Mchoraji akaenda jikoni kuosha vikombe.

Saa kumi nyumba ilifurika. Fundi cherehani wa jirani alikuja na wanawe wote, na msusi akaja na mteja ambaye kichwa chake kilikuwa kimesukwa nusu. Hapo ikaonekana kwamba majani yamegeuka. Yalikuwa yamejipinda humo vitambaani, taratibu, kama yanayofuata jua, yakaelekea mlango wa jikoni. Wageni wakabaki kutazama migongo, iliyopauka na yenye vumbi kidogo. Mchoraji alipopita na sinia kwenda barazani yalimfuata, na chumba kikanukia mvua.

Msusi alichukua biskuti, akasema yanamtaka aliyeyalea. Fundi alisema nguo ndivyo zilivyo, hata suruali humjua mwenyewe. Bibi mmoja wa miwani, aliyetoka mbali kuja kununua, alilalamika tu kwamba migongo hana pa kuitundika.

Watu wakatazama vibao, kisha wakamtazama dada mtu. Naye alifikiri kidogo, akaleta kiti, akakiweka nyuma ya wageni wote, akamwita mdogo wake kutoka jikoni.

"Kaa hapa, mpenzi. Usitikisike."

Mchoraji alisimama kitambo, akitazama kibao kilicho karibu. Kisha akakaa, mikono ingali na povu la sabuni. Majani yakageuka polepole na kukunjuka kuwaelekea wageni, mabichi, yakimeta umande. Dada mtu akasimama mbele ya vitambaa kupigwa picha. Makofi yalikuwa mengi. Mmoja wawili waligeuka wakamtabasamia aliyekaa kitini, wakarudi kwenye soda zao.

Siku hizi dada mtu hualikwa mpaka miji ya mbali. Katika orodha ya vifaa, baada ya misumari, kamba na taa, huandika kwa mwandiko wake mzuri: kiti kimoja cha nyuma, na mdogo wangu.