Udongo Uliomshika Silas

Jumanne ya wiki ya kupanda, saa mbili asubuhi, Silas alimaliza mstari wa tatu wa mahindi katika shamba lake la ukingoni mwa Mto Tana, upande wa Chara, akataka kuinua mguu wa kushoto. Mguu haukuinuka. Akajaribu wa kulia, nao vilevile. Akaweka jembe chini na kumwita mkewe, Susan, amletee chai pale alipo.

Kwa miaka tisa Silas alikuwa akinyunyizia dawa matikiti ya Pekeshe, mwenye shamba kubwa la jirani. Alifanya kazi bila glavu, maana Pekeshe alisema glavu humfanya mtu mzembe. Jioni pampu ya mgongoni ilitakiwa kuoshwa, na watu wa huku hawaoshi pampu mtoni, kwa sababu wanaokunywa huko chini ni ndugu zao. Silas akawa anamwaga masalio kwenye shamba lake mwenyewe, akiamini udongo mweusi wa mafuriko humaliza kila kitu. Haukumaliza. Kadiri ulivyonona kwa majani yaliyooza, ndivyo ulivyoishika dawa, usiachie hata tone kwenda mtoni. Sasa ulikuwa umeikuta dawa nyingine, ile iliyomwingia mwilini miaka yote hiyo, ndani ya miguu yake, nayo ukaishika.

Molu, mfugaji aliyekuwa akipeleka ng'ombe kunywa maji, alileta punda wawili na kamba. Walivuta mpaka nyonga ya Silas ikalia, wakaacha.

"Mama, hii udongo haiachi," Molu alisema. "Ng'ombe yangu imekataa nyasi ya hapa tangu mwaka juzi. Nilifikiri nyinyi mnatuwekea sumu tuhame. Kumbe mnajiua wenyewe."

"Ungesema," Susan alisema.

"Nani huku anasikiza sisi?"

Susan alipiga simu ofisi ya serikali mjini Garsen. Alikuwa na jambo moja tu kichwani: serikali iandike kwamba udongo una sumu, ili Pekeshe akomeshwe, udongo ule uchimbwe uondolewe na mumewe atoke.

Alhamisi akaja ofisa kutoka Garsen na chupa tatu. Alizijaza mtoni, akatia matone ya kupimia, akasubiri.

"Maji ni safi kabisa, mama."

"Sikukuita kwa ajili ya maji. Chota hapo miguuni pake."

"Fomu ni ya maji. Udongo hauna nafasi humu."

Hata aibu hakuona. Silas, ambaye kufikia siku hiyo alikuwa amezama hadi magotini, aliomba radhi kwa kuwazibia njia.

Pekeshe alikuja kutia sahihi kwenye fomu hiyo. Alikatiza shamba moja kwa moja kwa viatu vyeupe, na udongo haukumgusa, kwa kuwa katika miaka yote tisa hakuwahi kushika mkebe wa dawa. Alisema maji hayo yameonyesha jinsi shamba lake linavyoendeshwa vizuri. Susan aliokota bonge la udongo akamtupia. Lilimpiga kifuani, likaanguka bila kuacha doa. Ofisa alitazama saa yake.

Jumamosi matikiti yalinyunyiziwa kama kawaida. Mnyunyizaji mpya aliitwa Gona, kijana mwenye adabu, naye hakupewa glavu. Upepo ulipogeukia upande wa Silas, Gona alimwomba ageuze uso, na Silas akageuza uso. Kazi ilipokwisha, Gona alivuka mpaka, pampu ingali mgongoni, akauliza inaoshewa wapi.

"Kaoshee kwa Pekeshe," Susan alisema. "Kwenye kisima chake."

"Geti lishafungwa, mama. Basi niende mtoni?"

Mtoni wanawake walikuwa wakiteka maji ya kupikia. Susan aliwatazama, kisha akatazama geti la Pekeshe.

"Mwaga hapa," Silas alisema.

Susan alimchukia kwa maneno yale, kuliko hata alivyomchukia Pekeshe. Gona aliinama, akamwaga taratibu kuzunguka magoti ya mzee, akiangalia asimlowanishe suruali.