Nambari Aliyoichagua Sisilia

...na kama wifi angetaka kumchukua mtoto angeshasema, au labda anamngoja kaka yake Semisi atoke shambani ili aseme mbele yake, maana hapa kisiwani Foa shangazi akimwomba mtoto wa kaka yake nani wa kukataa, mama mtu ndiye hana sauti kabisa, na Fusi akashika gimbi jingine akamenya, masikio yote yako mlangoni, kwenye mkeka walipokaa Sisilia na wifi yake Lesieli, aliyeshuka melini jana kutoka mji mkuu, Nuku'alofa, mwalimu wa hesabu, hakujaliwa mtoto, na Sisilia huyu ana miaka tisa na kichwa chepesi... "Nipe tarakimu tatu," Lesieli anasema, "Nne, moja, tisa," "Andika, halafu zirudie hapo hapo mbele yake," na ikatokea laki nne na kumi na tisa elfu, mia nne na kumi na tisa, nambari ndefu kuliko penseli yenyewe, "Gawa kwa saba, halafu kumi na moja, halafu kumi na tatu, haitabaki hata punje," "Umejuaje, shangazi?" "Hizo tatu ukizizidisha unapata elfu moja na moja, na kurudia tarakimu ni kuzidisha kwa hiyo hiyo, kwa hiyo itakurudishia ulichoanza nacho, ukitaka kubisha bishana na penseli," Lesieli akacheka, kicheko kile kile cha siku Sisilia alipozaliwa, wifi mwenye heshima zote za nyumba hii akafua nepi, akalala chini ili mzazi alale kitandani, Fusi alisahauje, hofu hii imekula hata shukrani... "Shangazi, kweli umekuja kunichukua?" Kisu kikasimama. "Gawa kwanza." Penseli inakwaruza, saba imekubali, kumi na moja imekubali, kumi na tatu imebakiza hatua ya mwisho, "Mia moja kumi na saba ina kumi na tatu ngapi?" "Kamuulize mama'ko," "Si wewe ndiye mwalimu?" "Mimi Jumatatu nipo melini, ukikwama utamuuliza nani, kuku?" ...utamuuliza nani, amesema, ukikwama, kwa hiyo mtoto anabaki, amesema hivyo bila kumwaibisha mtu, na Fusi akasikia sauti yake mwenyewe inatoka, "Jaribu tisa, mwanangu, tisa mara kumi tisini, tisa mara tatu ishirini na saba," "Imerudi! Mia nne kumi na tisa!" "Haya, igawe tena," mbili haikubali, tatu haikubali, saba haikubali, "Hutaipata," Lesieli anasema taratibu, "hiyo hugawika kwa moja na yenyewe tu, iache ilivyo," na Fusi anamtengea wifi gimbi kubwa kuliko yote, magimbi bado ni mengi, Semisi bado hajarudi, na anajikuta akiwaza jambo ambalo asubuhi angelikimbia, kwamba likizo ikifika atamfungia mtoto nguo yeye mwenyewe, amsindikize hadi melini aende kwa shangazi yake, bila kuombwa...