Kokoto za Mababu

Haya nilisimuliwa na bibi yangu Anyesi, tukimenya karanga hapa Nkuhungu, mwaka nilioachishwa shule. Naye aliambiwa na mama yake, Mbeleje, maana ni mambo ya enzi za Wajerumani, naye Anyesi alikuwa bado tumboni.

Mvua zilikuwa zimekataa. Kisima chenye maji kilibaki kimoja, na koo mbili zikakidai: ukoo wa Ndahani, mume wa Mbeleje, na ukoo wa Masaka. Akida Athuman, mtu wa pwani aliyewekwa na Wajerumani kuamua mashauri, akasema kisima ni cha waliotangulia kuja; wengine wahame na ng'ombe wao. Kila upande utaje mababu, naye kwa kila jina ataweka kokoto.

Masaka akataja wazee walioshika ukuu wa ukoo wao, mpaka yeye mwenyewe. Kokoto nane.

Ndahani naye akaanza: yeye, mwana wa Chidawali, mwana wa Ndahani, mwana wa Chidawali, hivyo hivyo hadi saba.

“Mzee, unanizungusha,” akida akasema. “Hawa ni watu wawili tu.” Akaondoa kokoto tano.

Watu wa Masaka wakacheka. Mmoja akauliza kama Ndahani amejizaa mwenyewe. Kwa kina Ndahani mjukuu huchukua jina la babu, ni jambo la kila siku, hakuwahi kudaiwa alieleze. Ndama walikuwa wakilia kwa kiu. Mbeleje akashika tumbo lake. Safari ya kuhama asingeiweza.

Akapiga magoti. “Shikamoo, baba akida. Majina ni mawili, lakini kila mmoja ana mama yake. Niruhusu niwataje.”

Akawataja mama saba, hakuna aliyejirudia. Kokoto zikarudi saba.

“Zangu bado nyingi,” akasema Masaka.

“Basi nawe taja mama zao,” akasema Mbeleje.

Masaka akataja kwa majivuno. Katikati, watatu mfululizo wakawa wa mama mmoja, Nyamwaka: mkubwa alipokufa, mdogo wake alishika ukuu, kisha mdogo wake tena. Mkono wa akida ukasimama juu ya kokoto. Ndugu wa tumbo moja ni kizazi kimoja. Akaondoa mbili. Zikabaki sita, kisima kikawa cha Ndahani.

Masaka akaondoka bila kuaga. Jioni akarudi kisimani na mkuki, vijana wake nyuma, ng'ombe nyuma ya vijana. Ndahani akainua rungu. Mbeleje akaenda kukaa ukingoni, katikati yao.

“Wanywe wetu, kisha wenu,” akamwambia Masaka. “Sisi tumekuambia uhame?”

Masaka akauchomeka mkuki mchangani, akaita ng'ombe wake.

Ndahani alilala na rungu lake ubavuni. Mbeleje akaegemea mlango wa tembe, akisikiliza, mpaka kwato za mwisho za ng'ombe wa Masaka, waliokwisha kunywa, zikapotea, na usingizi ukamchukua palepale.