Friji ya Damu

Damu ilikuwepo. Hilo ndilo lililomkaa Fundi kichwani kuliko mengine yote: ilikuwepo, nyuma ya kioo, mifuko imepangwa rafu kwa rafu, na taa ndogo ya ndani inawaka. Friji lenyewe lilikuwa linanguruma vizuri tu. Kilichokufa ni kitasa.

"Kinafunguka kwa kadi," msichana wa maabara alimweleza. Koti lake jeupe lilimzidi mabega. "Kadi inauliza mfumo, mfumo unajibu, mlango unafunguka. Sasa mfumo haujibu, baba."

Mfumo haukuwa ukijibu popote. Wadukuzi wa nchi ambayo redio haikutaka kuitaja walikuwa wameingia wasikokaribishwa, na kwa asubuhi moja benki zikafunga milango, vituo vya mafuta vikazima pampu, simu zikabaki vioo vya kujitazamia. Redio iliita vita. Fundi, ambaye umri wake wote ameumalizia kwenye kuchomelea mageti na madirisha ya chuma, alicheka aliposikia. Vita gani hivi visivyo na moshi? Alikuwa na haki ya kucheka. Siku hiyo binti yake alikuwa bado mzima, anakula kwa ajili ya wawili na kumtuma mama yake kila dakika.

Alijifungua salama, mtoto wa kike, kisha damu ikakataa kukatika. Binti huyu wa Fundi alirithi jina la bibi yake, mama yake Fundi, kwa hiyo tangu utotoni baba alimwita Mama, naye hujibu, "Unasemaje, mwanangu?" na nyumba nzima inacheka. Asubuhi baada ya kujifungua, baba alipomwita Mama, alijibu kwa nyusi tu.

Damu ya Fundi ilikuwa ya kundi lingine. Majirani walikuja wamekunja mikono ya mashati, wakarudishwa, kwa kuwa mashine ya kupima damu mpya nayo ilikuwa inausubiri mfumo.

"Mlango huu ukifunguka," Fundi alimuuliza yule msichana, "hiyo ya mwanangu utaijua?"

"Kundi limeandikwa kwenye mfuko. Kulinganisha ninaweza kwa mkono, tulifundishwa." Aliutupia jicho mlango wa ofisi ya Meneja wa hospitali. "Ila kufungua, baba, si mimi."

Fundi alikikagua kitasa. Chuma chembamba, mbwembwe nyingi. Mashine yake ya kukatia ilikuwa nyumbani, mtaa wa pili.

Meneja alikuwa mezani, mbele ya kompyuta iliyozimika, amekaa wima kama mtu anayeitumia.

"Bosi, niruhusu nikikate kile kitasa. Kioo sikigusi. Nitawatengenezea kingine mwenyewe, bure."

"Mzee wangu, nakuelewa. Hata mimi ni mzazi. Lakini lile friji ni la mfadhili. Halafu kuna agizo kutoka juu: kifaa chochote cha mtandao kisiguswe mpaka wataalamu wa usalama waje. Ukikikata, hiyo ni hujuma. Utafungwa wewe, nitafungwa na mimi."

"Basi niombee ruhusa huko juu."

"Maombi ya ruhusa yanapitia kwenye mfumo."

"Na mfumo haupo."

"Ndiyo maana nakwambia uwe na subira."

Yote haya aliyasema kwa upole, hata kiti alimvutia. Fundi angependa atukanwe. Mtu akikutukana unajua pa kumshika.

"Nitakupigia magoti, bosi."

"Usinipigie magoti, mzee, unanitia aibu."

Alipiga. Mlinzi akaitwa, akamwinua kwa kwapa taratibu, kama anavyoinuliwa mgonjwa. "Twende, mzee wangu," alimnong'oneza. "Na mimi nina watoto wanaokula." Kisha akaenda kusimama mbele ya friji kama alivyoagizwa, na hakubanduka hapo.

Fundi alirudi wodini, akakaa, akaushika mguu wa binti yake juu ya shuka. Alasiri mguu ulipoa. Nesi alivuta shuka mpaka juu, na Fundi akaendelea kuushika. Hakulia. Mwili wake wote ulikuwa kama mkono uliolaliwa: upo, lakini si wako.

Kibali cha mazishi kiliandikwa kwa kalamu na kugongwa muhuri papo hapo. Hicho hakikuhitaji mfumo.

Nyumbani, baada ya watu kutawanyika, redio ilisema kwamba shambulio halikuwa limeleta madhara yoyote kwa binadamu. Mkewe alikuwa anamlisha mjukuu maziwa kwa kijiko. Wote wawili waliisikia, na hakuna aliyeinuka kuizima.

Siku iliyofuata gari la hospitali lilisimama mbele ya karakana.

"Fundi, beba vyombo," dereva alisema. "Kuna kitasa cha kukata."

"Unakwenda wapi?" mkewe aliuliza kutoka ndani.

"Kazini."

Korido ilikuwa imejaa suti. Mke wa mkubwa mmoja alikuwa amepata ajali ya gari, naye mkubwa mwenyewe alikuwa hapo, anatembea huku na huko. Meneja alikuwa analowa jasho. Alimtazama Fundi kama watu wanavyomtazama fundi yeyote: mikono kwanza, na hakufika usoni.

"Haraka, fundi, hii ni dharura."

"Na ruhusa?" Hakuwa anamkejeli. Mdomo uliuliza wenyewe.

"Ruhusa ipo. Mkubwa ameshasema."

Msichana wa maabara alisimama kando na sinia lake. Alimtambua Fundi, akainamisha kichwa.

Fundi akawasha mashine. Cheche zikaruka, suti zikarudi nyuma, kitasa kikaanguka sakafuni. Mlango ulifunguka na baridi ikampiga usoni. Msichana akachagua mifuko, akaondoka mbio, na korido yote ikamfuata.

Alibaki Meneja. Aliinama, akakiokota kile kitasa, akakigeuzageuza kiganjani, uso umemkunjuka.

"Kumbe ni kazi ya dakika mbili tu!"

"Ndiyo, bosi."

Fundi akatoa tupa mfukoni, akachuchumaa, akaanza kulainisha ukingo alioukata, asije mtu akajichana mkono.