Dunia Nzima kwa Maua ya Kituntu

Mume wangu, Mwalimu Mwesiga, alistaafu kufundisha jiografia lakini hakustaafu kufundisha. Hapa Bugene tunapokaa hakuna harusi wala msiba ambao hakusimama kusema. Mchungaji akimaliza, yeye anaanza, na neno lake ni lile lile: mfuko wa dunia nzima. Ukinunua kipande kimoja cha mfuko huo, alisema, umenunua kidogo kidogo cha maelfu ya kampuni, za Marekani, Japani, Ujerumani, kote kote. Moja ikifa, nyingine inazaa. Huchagui wala hubashiri. Unanunua soko lote, unakaa nalo miaka ishirini.

"Msiweke mayai yote kwenye kikapu kimoja!" alipaza sauti, kidole juu. "Tawanyeni, halafu kaeni!" Kwenye msiba wa mama yake jirani yetu Verdiana watu walikuwa wamekaa tangu asubuhi, na bado aliwaambia wakae.

Mimi nilimwamini, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nina kibanja cha kahawa na migomba kule Kituntu, urithi wa baba yangu, na mgongo wangu umeanza kukataa kazi. Kila msimu nilimkabidhi pesa ya kahawa yangu aiingize kwenye mfuko, kwa jina lake, maana simu ya kisasa ilikuwa yake. Tulikubaliana kwamba mgongo ukigoma kabisa, vile vipande vitalipa vibarua wa kuchuma, na mimi nitakaa kivulini kama wanawake wengine waliozeeka vizuri. Uzee wangu wote ulikuwa ndani ya simu ya Mwalimu.

Adui yake mkubwa alikuwa butura. Butura ni kuuza kahawa ikiwa bado maua mtini: mnunuzi anakupa pesa kidogo leo, mavuno yakija ni yake yote. Serikali imekataza, kwa hiyo watu wanaifanya kwa kunong'ona. Placidius, jirani yangu wa shamba, aliuza maua yake mwaka ambao mkewe Deodatha alifanyiwa upasuaji. Mwalimu akamsimamisha harusini, mbele ya wakwe.

"Mtazameni huyu! Ameuza mimba ya kahawa! Mtu asiye na subira atakufa maskini."

Placidius aliinamisha kichwa, akaendelea kunywa rubisi yake, pombe ya ndizi. Mimi niliona aibu, lakini nikajisemea kwamba ukweli unauma.

Mwezi wa nne redio ikatangaza kwamba masoko ya dunia yameporomoka. Mwalimu akawa haiachi simu. Aliitazama mezani, aliitazama chooni, aliitazama kanisani wakati wengine wamefumba macho. "Imeshuka tena," alininong'oneza katikati ya sala ya Baba Yetu.

"Si ulisema tukae?" nilimwuliza tulipotoka.

"Mama Aine, wewe uchumi huujui."

Baada ya siku chache akatulia ghafla, nikafurahi. Soko lilipopanda tena, hata kupita lilipokuwa, redio ikasema, naye hakushangilia. Nikadhani huo ndio utu uzima. Mahubiri hakuacha.

Maua ya kahawa yalipochanua, Placidius alipita nyumbani kwetu na mkungu wa ndizi.

"Mama Aine, nifikishie shukrani kwa Mwalimu, waitu, tafadhali. Pesa ya maua Rwegasira amenipa yote."

Rwegasira ni mnunuzi wa mazao kule Nkwenda, na mdomo wake hauna komeo.

"Maua gani?" nilisema.

"Aa, kumbe hujui?" Placidius aliutua mkungu taratibu, kama mtu anayeonja utamu. "Rwegasira ni mkono tu. Mwenye pesa ni Mwalimu. Mlima mzima tumemwuzia yeye."

Nilimkuta mume wangu anakula. Nikamwondolea sahani.

"Vipande viko wapi?"

"Evaresta, dunia ilichafuka. Niliviuza kabla hatujaangamia. Nimehamia kwenye kitu ninachokiona kwa macho."

"Uliviuza vikiwa chini?"

Akakohoa. "Nimetawanya lakini. Maua ya vibanja tisa."

"Vya wapi?"

"Kituntu."

"Vyote?"

"Vikiwa karibu karibu, nauli inapungua."

Nilikasirika. Mtu amefundisha jiografia maisha yake yote, anauza mabara yote kwa hofu, ananunua mlima mmoja wenye wingu moja. Na kuhusu uzee wangu hakuniuliza. Usiku ule nililala na binti yangu, Ainebyona.

Wingu halikuchelewa. Ilinyesha mvua ya mawe, ikaupiga ule mlima kuanzia juu hadi kwa Placidius, ikaishia kwenye mpaka wangu. Kulipokucha maua yalikuwa chini, yamechanganyika na matope. Mwalimu alisimama katikati ya vile vibanja tisa alivyonunua maua yake. Mara ya kwanza naona watu wamekusanyika na yeye hahutubii.

Placidius ndiye aliyetangulia kutoa pole. Pesa yake alikuwa ameshaipata, na huzuni alikuwa nayo ya kumtosha jirani.

"Pole sana, Mwalimu. Bahati nzuri wewe una subira."

Jioni Mwalimu alinifuata kwenye kibanja changu. Akaitazama mibuni yangu iliyosalimika, myeupe kila tawi.

"Evaresta," alisema kwa upole ambao sikuwa nimeusikia tangu uchumba, "yamechanua vizuri haya. Rwegasira, kwa pesa yake mwenyewe, angeweza kutupa kitu kidogo leo, tukaanza upya..."

Niliingia bandani, nikatoka na kikapu cha kuchumia, nikamtia mikononi. Ni kikapu changu cha miaka mingi, na mkanda wake umenichora begani.

"Maua yangu hayauzwi. Yakikomaa, mchumaji ni wewe. Pesa itarudi kwenye mfuko wa dunia nzima, maana ulihubiri kweli, aliyekuwa mwongo ni wewe. Safari hii itaingia kwa jina langu, na simu nitanunua yangu."

Alikigeuza kile kikapu, akakitazama ndani kana kwamba kuna mtu amejificha humo.

"Nitachuma mpaka lini?"

"Miaka ishirini," nikamwambia. Nikavuta kigoda, nikakaa.