Mambo Mapya Thelathini na Manne

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Sawa, lakini mimi naona angeambiwa asome. Nimekaa na watu wenye macho miaka kumi na tisa katika chumba cha simu cha hospitali yetu, nami ndiye pekee humo nisiyeona, kwa hiyo nawajua. Kompyuta ikiwaletea tangazo lenye kichwa "Mapya Katika Toleo Hili," wanabonyeza "Nimeelewa" kabla tangazo halijamaliza kufunguka. Wameelewa nini? Hakuna ajuaye. Kisha wiki nzima wanaulizana kilichokuwa pale kimekwenda wapi.

Jumatatu moja tulifika kazini tukakuta programu ya kuunganisha simu imebadilishwa mwisho wa juma. Mafundi wa kompyuta wa makao makuu waliituma wakiwa huko huko kwao, wala hawakupiga hodi. Chumbani tuko wawili: mimi, ninayeitwa Mama Simu kuanzia getini hadi maabara, na mwenzangu tunayemwita Chapchap, ambaye hata chai huimeza ingali inatokota. Tangazo lilipotokea, alilifunga la kwake, akanyoosha mkono akalifunga na la kwangu. Alifanya hivyo kwa wema tu, maskini.

Mimi hufanya kazi kwa hedifoni. Sikio la kulia ni la mpiga simu, na la kushoto ni la programu nyingine inayonisomea kilichopo kwenye skrini. Zamani kila kitufe kilikuwa kimeandikwa kazi yake, kwa hiyo nilisomewa: Unganisha, Subirisha, Rudisha. Katika hii mpya maneno yalikuwa yameondolewa, zimewekwa picha. Nikaenda kwenye cha kwanza, sauti ikaniambia, "Kitufe." Nikasogea. "Kitufe." Nikasogea tena. "Kitufe." Vilikuwa kumi na kimoja, vyote vya ukoo mmoja.

Nilibahatisha, nifanyeje? Kabla ya saa nne daktari wa upasuaji nilikuwa nimemtupa chumba cha kufulia, na dobi akabishana naye kuhusu mashuka. Bibi aliyetaka kung'olewa jino nilimpeleka kwa fundi wa jenereta. Yule fundi, mwungwana wa watu, alimsikiliza mpaka mwisho na kumpa pole.

Saa tano akaja mkuu wa utawala. Si mtu mbaya, ana sauti ya adabu, na sauti za adabu ndizo zinazoleta habari mbaya. Alisema simu za hospitali si za kubahatisha. Ananipa mpaka Ijumaa. Nikishindwa, nitahamishiwa mapokezi. Nikamuuliza nitafanya kazi gani huko. Akasema nitawaambia wageni karibu. Na baada ya karibu? Akakohoa, akaondoka.

Nilikasirika, na chini ya hasira kulikuwa na woga. Unga wangu ulikuwa haujamwagika, lakini gunia lilishatoboka. Nilijua watu wanaowekwa kwenye kiti ili waonekane wapo. Nyumbani nilimweleza mume wangu, fundi seremala asiyejua kubembeleza. Alipiga msumari wake mpaka ukaisha, ndipo akasema mapokezi wajiandae, maana mimi na kukaa bure hatujawahi kukutana.

Jumanne Chapchap alijitolea kunielekeza. Akasogeza kiti chake karibu na changu.

"Bonyeza kile cha bluu, dada," akasema, kisha akajirekebisha. "Samahani. Kile chenye mshale."

"Mdogo wangu," nikamwambia, "nitajie kitu ambacho na mimi ninacho."

Kumbe naye vile vitufe vilikuwa vikimpiga chenga. Alijua cha kupokea na cha kukata. Vingine alikuwa akivikwepa. Tofauti yetu ni kwamba yeye hakuna aliyempa mpaka Ijumaa.

Mchana alikwenda kula, mimi nikabaki na simu. Nikafungua mipangilio ya ile programu yangu ya kunisomea, nikitafuta sijui nini. Ikaniambia kwamba nayo imepata toleo jipya, lenye mambo mapya thelathini na manne, na je, ningependa kuyasikia? Ningeweza kuruka. Lakini nimeruka mambo mengi maishani mwangu, na baadhi yake yalikuwa ngazi. Nikaiambia isome.

La kwanza lilihusu sauti mpya ya kiume. La tisa lilihusu namba za Kirumi. La kumi na tano lilisema kosa fulani limerekebishwa, kosa ambalo sikuwahi kukutana nalo wala kulisikia likisemwa vibaya na mtu. Chapchap akarudi ananukia kitunguu, akauliza kama bado nasikiliza hicho kitabu. Nikanyanyua mkono anyamaze. Tulikuwa kwenye la ishirini na sita.

"Sasa unaweza kukipa jina kitufe kisicho na jina," sauti ikasema. Simama juu yake, bonyeza herufi hizi mbili kwa pamoja, kisha andika jina ulitakalo.

Niliirudisha mara tatu. Nikatoa hedifoni sikio moja, nikamwomba Chapchap afunge mlango, maana nilihisi nitapiga kelele, na hospitali ni mahali pa wagonjwa.

Kazi ilikuwa hivi: yeye aangalie picha na kuniambia kitufe kinafanya nini, mimi nikipe jina. Tukakwama hapo hapo, maana yeye mwenyewe alikuwa hajui vinafanya nini. Alikuwa amebonyeza "Nimeelewa." Tukalitafuta lile tangazo la programu ya simu, tukalikuta limelala ndani ya "Msaada," nikalisomesha kwa sauti ya wazi, polepole, ili na mwenye macho asikie. Chapchap alitulia kama mtoto wa darasa la kwanza. Kila kipengele alikuwa akinong'ona, "Kumbe." Zilifika kumbe saba.

Majina nilichagua mwenyewe. Tangu nizae wanangu sikuwa nimepewa nafasi ya kutoa jina, na sikutaka kuipoteza kwa kuandika Subirisha. Cha kumsubirisha mtu nikakiita Vumilia Kidogo. Cha kukata simu, Kwaheri ya Kuonana. Cha kuirudisha simu iliyopotea nikakiita Mzigo wa Dobi. Tulipofika cha saba, Chapchap alisema kina vichwa vitatu vimegusana. Tangazo likatueleza kwamba hicho kinawaweka watu kadhaa kwenye mazungumzo mamoja, na sisi tukiwa humo humo. Programu ya zamani haikuweza. Ulikuwa ukimpitisha mtu, basi, umemalizana naye. Nilikaa nikikifikiria hicho kwa muda. Nikakiita Baraza.

Jumatano na Alhamisi tulifanya mazoezi kila simu zilipopungua. Chapchap akienda stoo ananipigia kwa sauti za kubuni, leo mzee mkali, kesho mama mjamzito, na mimi namzungusha vyumba vyote. Tulicheka mpaka nesi wa jirani akagonga ukuta. Hata hivyo nikilala nilikuwa nahesabu siku. Kucheza na Chapchap ni kitu kimoja, na mkuu kusimama nyuma ya mgongo wako ni kingine.

Alikuja Ijumaa saa tatu. Nilisikia bahasha mkononi mwake. Watu hudhani karatasi haina sauti, lakini barua ya utawala naijua. Akasalimia kwa ile adabu yake, akasema hataki kunisumbua, nifanye tu kazi kama kawaida. Ndipo simu ikaita.

Alikuwa mkunga wa zahanati ya mbali. Mama amejifungua, damu haikatiki, gari la wagonjwa limeshaondoka nao wote wawili, bado dakika arobaini lifike kwetu. Anamtaka daktari amwelekeze, na anataka damu iwe tayari. Alikuwa akisema yote kwa pumzi moja.

"Usikate," nikamwambia. "Nakuletea wote wawili."

Vumilia Kidogo. Nikamwita daktari wa upasuaji. Yake ikiwa bado inaita, nikaita benki ya damu. Vidole vilikwenda vyenyewe, na sikio la kushoto likinitajia majina yangu moja baada ya jingine. Daktari akapokea, benki wakapokea, nikasimama juu ya kitufe cha saba. Baraza. Nikabonyeza.

Sauti tatu zikaingia sikio langu la kulia kwa pamoja. Mkunga akataja kundi la damu, benki wakajibu hapo hapo kwamba ipo, daktari akaanza kumwelekeza mkunga afanye nini kwa mikono yake. Hakuna aliyelazimika kueleza mara mbili. Zamani zingekuwa simu tatu, na kila moja ingeanza na nani mwenzangu. Nilikaa humo mpaka gari likapiga honi getini. Nilikuwa na furaha ambayo nilihisi aibu kuwa nayo, kwa sababu ya yule mama, lakini ilikuwapo na siwezi kuikana.

Mkuu hakuondoka. Alikaa kwenye kiti cha wageni, bahasha magotini, Chapchap akipokea simu nyingine kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kumsikia nayo. Karibu na saa tano daktari akapiga mwenyewe. Mama amepona, akasema, na mtoto ni wa kike, ana makelele. Nikamshukuru, nikamuaga, nikakata.

Kisha mkuu akakohoa, akauliza hii ya kuwakutanisha watu watatu nimefundishwa na nani. Nikamwambia imo kwenye tangazo, lile lililofika Jumatatu katika kompyuta zote, na ya kwake pia.

"Nililibonyeza," akasema.

"Najua, mkuu."

Chapchap aliinama chini ya meza, ati kaangusha kalamu. Mkuu akauliza kama ningekubali kuwafundisha watu wa idara zote, saa moja kila toleo jipya linapokuja, nikianzia ofisini kwake. Nikasema nimekubali, lakini kwanza ningependa kujua habari za hiyo bahasha. Nikasikia karatasi ikichanika katikati, taratibu, kutoka juu hadi chini.

"Samahani, mkuu," nikasema, "sikusikia vizuri."

Akaviweka vipande pamoja, akasogea mpaka karibu na sikio langu, akavichana tena.