Sili Nyeusi za Jawahir

Mumo aliliondoa gunia lililofunika injini, akainama karibu. Sili ya kahawia, ukanda wa mpira wa kuziba maji, aliyoilaza jana alasiri ndani ya mfuo wake ilikuwa imefura. Upande mmoja ilikuwa bado imetulia, lakini upande wa pili ilikuwa imeinuka na kutoka nje ya mfuo mithili ya mnyoo baada ya mvua. Aliisukuma kwa kidole gumba, nayo ikakataa kurudi. Ilikuwa nene kuliko nafasi yake, ilhali haijaguswa hata na tone la maji.

Alitupa macho njiani. Mwenye gari na Jawahir, muuza vipuri, hawakuwa wamefika.

Injini hiyo ilikuwa mali ya Mzee Patrobas wa Makongeni, fundi mstaafu wa reli. Haikuwa na pistoni. Ilikuwa na rota mbili za pembetatu, zilizobanwa kati ya mabamba mazito ya chuma, na baina ya bamba na bamba sili za mpira ndizo zilizotenganisha maji na moto. Sili ikishindwa, maji huingia panapowaka, na injini huzimika kabisa.

Mwezi wa Mei mwaka huo wa 1994 ilizimika hivyo, siku ya tisa baada ya Mumo kuifunga. Bila hata kuvua ovaroli, alikwenda Eastleigh kwenye duka la vipuri la Jawahir, akazibwaga sili nyeusi alizozinunua hapo juu ya meza mbele ya mafundi waliojaa.

“Mama, unauza takataka,” alisema.

Tangu siku hiyo mafundi waliupita mlango wa Jawahir kama mlango wa nyumba yenye tauni. Yeye hakubishana. Jumanne iliyopita alifika katika gereji hii ya Buruburu akiwa na pakiti mpya ya sili zilezile.

“Zipime mbele ya mwenye gari,” alisema. “Zikishindwa, sitauza sili tena. Zikifaulu, utanirudishia jina langu palepale ulipolitupa.”

Kipande cha sili yake nyeusi kilitiwa katika mkebe wa maji ya rejeta yenye dawa, na kipande cha sili ya kahawia kutoka duka jingine katika mkebe wa pili. Mikebe ikatokota juu ya makaa kwa siku nne. Leo, Jumamosi, ingefunguliwa. Hata hivyo, Mumo alikuwa na hakika sana na zile za kahawia hivi kwamba jana alianza kuzipanga, akazipaka grisi kama alivyofundishwa, ili zisidondoke bamba linapogeuzwa.

Grisi. Mwezi wa Mei alizipaka sili nyeusi grisi hiyohiyo, kutoka kopo lilelile; kumbe ndiyo iliyofurisha mpira.

Alisimama akiwa ameshika kopo. Nani angejua? Angepanga nyingine kwa maji ya sabuni badala ya grisi, injini ingenguruma, na habari ingeishia hapo. Aliing’oa sili iliyofura, akaikunja, akaitia mfukoni. Wakati huohuo akasikia kikohozi cha Mzee Patrobas langoni, na Jawahir alikuwa nyuma yake.

Mzee alivitoa vipande vya mpira mikebeni, akavipima unene kimoja baada ya kingine kwa kipimo chake cha tangu relini.

“Nyeusi iko sawa. Ya kahawia iko sawa.”

“Basi zangu za Mei ziliuawa na nini, fundi?” Jawahir aliuliza.

Mumo aliufunika mfuko wake kwa kiganja. Grisi ilikuwa imepenya kitambaa cha mfuko na kumfikia pajani.

“Labda pakiti ile moja ilikuwa mbovu,” Mzee alisema kwa upole. “Hutokea.”

“Labda,” Jawahir alisema, akianza kukaza ushungi wake. “Kwa labda hiyo, mzee wangu, sitapata hata mteja mmoja.”

“Haya, chagua, kijana wangu,” Mzee alimwambia Mumo. “Nyeusi au kahawia?”

Mumo alitia mkono mfukoni.

“Mzee, pima na hii.”

Patrobas aliipima mara mbili. “Hii imenenepa. Umeichemsha wapi?”

“Haijachemshwa. Nimeipaka grisi jana, basi. Na za Mama, mwezi wa Mei, nilizipaka vilevile.”

Mzee aliliokota kopo la grisi, akaligeuzageuza mkononi.

“Miaka thelathini na mmoja relini,” Mzee alisema hatimaye, “na siku ile mimi ndiye niliyekushikia kopo.”

“Kumbe nimekula matusi kwa ajili ya kopo la grisi,” Jawahir alisema. Hakucheka. “Hukujibu. Nyeusi au kahawia?”

“Nyeusi. Hii ya kahawia imefura kwa usiku mmoja. Zako zilistahimili grisi yangu siku tisa. Safari hii nitazipanga kwa maji ya sabuni.”

“Injini itangoja. Mafundi hujaa dukani kwangu saa nne.”

Mumo alianza kufungua vifungo vya ovaroli, yenye doa jeusi pajani, ili avae shati lake safi.

“Iache,” Jawahir alisema, akitangulia langoni. “Siku ile ulikuja nayo.”

Mumo akavifunga tena vifungo, kimoja kimoja, akamfuata.